Huyu Siye Yule: Somo la Kutambua na Kuripoti Wadudu Wavamizi

Wanachuo wenzangu, kamati ya jarida imeniomba niandike jambo la fani yangu ambalo hata mtu wa sheria au wa uhasibu atalisoma bila kusinzia. Fani yangu ni afya ya mimea, na zimebaki wiki chache tufunge chuo. Kwa hiyo nimechagua somo ambalo unaweza kulitumia likizo hii hii ukiwa kwenu, hata kama mara ya mwisho kushika jembe ulikuwa shule ya msingi: namna ya kumtambua mdudu mgeni anayeharibu mazao, na namna ya kumripoti ili ripoti yako isiishie hewani.

Nianze na majina, maana jina la mdudu ndilo somo la kwanza analopata mkulima, kabla ya bwana shamba na kabla ya bango.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 inaaminika aliingia Tabora mdudu mdogo wa milimita 3 hadi 4 hivi, ambaye kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Alitafuna mahindi ghalani mpaka yakabaki unga. Watu wakamwita Skania, kama lile lori. Baadaye jina lililoenea likawa dumuzi. Wakenya nao alipowafikia wakampa lao, Osama. Rekodi ya kitaalamu ya kwamba mdudu huyu yuko Afrika ilichapishwa mwaka 1981. Yaani wenye maghala walikuwa wameshaumwa kabla kitabu hakijasema chochote. Vipimo vilivyofanyika Tabora miaka hiyo vilionyesha mahindi yaliyokaa ghalani miezi 3 hadi 6 yakipoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake. Hiyo ni theluthi ya gunia, na gunia hilo ndilo ada, ndilo daftari, ndilo chakula cha masika.

Jina la pili ni kantangaze. Huyu ni kiwavi wa nyanya, asili yake Amerika ya Kusini, alipita Ulaya akashuka Afrika, na Tanzania alithibitishwa mwaka 2014 mkoani Arusha. Jina linajieleza: kanitangaze, nenda ukanitangaze. Nalipenda sana jina hili. Aliyelitunga amefanya kazi ambayo mradi mzima ungeifanya kwa semina tatu: amemtaja mdudu, na hapohapo amekuambia la kufanya.

Jina la tatu ndilo lililotutesa. Sisi na majirani zetu tuna kiwavi wetu wa siku zote, kiwavijeshi, mwenyeji wa Afrika. Mvua za kwanza zikinyesha, nondo wake husafiri na upepo, hutaga, na baada ya muda mfupi viwavi weusi kama mahameli hutokea kwa maelfu. Wanakula malisho na nafaka changa, wakimaliza shamba moja wanahamia la pili kwa miguu. Jeshi kweli. Mtu akikuambia viwavijeshi wameingia huhitaji lenzi, unawaona ukiwa barabarani.

Kisha mwaka 2016 kiwavi mwingine akathibitishwa Afrika Magharibi, Nigeria na nchi za jirani, mzaliwa wa Amerika, jina lake la kitaalamu Spodoptera frugiperda. Mapema mwaka 2017 alikuwa ameshafika kwetu na Kenya na Uganda, na haukupita muda mrefu karibu nchi zote za kusini mwa Sahara zikawa naye. Nondo wake anaweza kwenda hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja akibebwa na upepo. Kwa kuwa jina lake la Kiingereza lina habari ya jeshi ndani yake, nasi tukamwita kiwavijeshi vamizi. Tafsiri si mbaya. Tatizo ni kwamba mkulima aliposikia jeshi, alisubiri jeshi. Alitoka asubuhi, akalitazama shamba kwa mbali, hakuona msafara wowote, akarudi nyumbani kunywa chai. Wakati huo vamizi yuko ndani ya moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapojikunja, peke yake au wawili tu, kwa sababu wakikua hulana wao kwa wao. Kutembea kwa msafara kwake ni nadra.

Nimeyasikia haya kwa masikio yangu nikiwa field mwaka jana. Tulikuwa wanafunzi wanne, tumepangwa na mradi mmoja uliokuwa unafundisha wakulima kumtambua vamizi. Mafunzo yalikuwa ya siku moja, kwa mtindo mnaoujua: utambulisho mrefu, hotuba, bango, soda. Bango lilikuwa na picha moja ya kiwavi aliyekuzwa mpaka akawa mrefu kama mkono. Maswali yalipofunguliwa, mama mmoja aliyekaa nyuma na mjukuu mgongoni akauliza, "Sasa mwanangu, huyu wenu ana ukubwa wa mkono. Wa kwangu ni kama njiti ya kiberiti. Ndiye?" Watu wakacheka, na mwezeshaji akacheka nao, akaendelea na slaidi inayofuata.

Lakini swali la yule mama ndilo mtihani wote. Kiwavi anapototoka ni wa milimita moja au mbili tu. Akifikisha sentimita 3 au 4, ambaye ndiye wa kwenye bango, ameshamaliza kula alichokuja kula, na amejificha chini kabisa ndani ya moyo wa mhindi ambako dawa haimfikii. Ukimfundisha mtu kumtambua akiwa mkubwa, umemfundisha kutambua hasara.

Bwana shamba wa kata, mtu mmoja mkimya ambaye hakuwa hata kwenye ratiba, ndiye aliyeokoa siku. Alisimama akasema, "Jamani, kila mtu aende shambani kwake sasa hivi, aje na kiwavi yeyote atakayemkuta. Yeyote. Hata asiye wa mahindi." Baada ya saa moja na nusu hivi walirudi na viwavi kwenye vikopo, kwenye majani ya mgomba, mmoja kwenye kofia. Akaomba sahani nyeupe. Tukawapanga. Wengi hawakuwa vamizi. Alikuwepo bungua, yule anayetoboa bua na kuingia ndani. Alikuwepo funza wa vitumba. Walikuwepo wawili watatu ambao hata sisi wa chuo tuliangaliana tu. Na alikuwepo vamizi, wa kila ukubwa, kuanzia njiti ya kiberiti mpaka wa bango.

Sasa somo lenyewe, na hapa naomba usome polepole. Mabango mengi yanakuambia utafute alama ya Y iliyopinduliwa kichwani. Ni kweli anayo, ya rangi iliyopauka, kati ya macho. Lakini viwavi wengine kadhaa wanayo pia, akiwemo yule kiwavijeshi wetu wa asili, kwake ikiwa imefifia. Ukitegemea Y peke yake utaripoti nusu ya viwavi wa wilaya. Alama inayomfunga ni ya nyuma: kwenye pingili ya pili kutoka mkiani kuna madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Kwenye pingili nyingine madoa manne yapo, ila hayakai mraba, mawili ya mbele yanakaribiana zaidi kuliko ya nyuma. Y pamoja na mraba, huyo ndiye. Akiwa bado mdogo sana mraba hauonekani vizuri kwa macho matupu, na hapo unasoma jani badala ya kiwavi. Wadogo hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, vidirisha vidogo vyeupe. Wakikua kidogo matundu yanachanika ovyo, na katikati ya mhindi unakuta kinyesi kama unga wa mbao ya msumeno. Mayai hutagwa kwa rundo, mara nyingi 100 hadi 200, yamefunikwa na manyoya ya kijivu kama ukungu wa mkate. Ukiliona rundo hilo, ukalipondaponda kwa vidole, umeua viwavi mia kabla ya chakula cha mchana bila kununua chochote.

Tulipokuwa kwenye zile sahani, yule mama wa swali alikuwa wa kwanza kumtoa bungua kwenye kundi la vamizi. "Huyu hana madoa ya mkiani," akasema, "huyu siye yule." Sikuona mtu mwingine aliyejifunza kwa kasi ile siku ile, nasi wanne tukiwemo. Bango lilimwonyesha mdudu mmoja. Sahani zilimwonyesha mdudu na ndugu zake wanaofanana naye, na jicho la mtu hujifunza kwa kulinganisha.

Mtu anaweza kuuliza, kwani akikosea kuna nini? Si wote ni viwavi, wote wapigwe dawa? Rudi kwa dumuzi. Kabla hajaja, adui wa mahindi ghalani alikuwa fukusi, na dawa za vumbi zilizokuwepo zilimmudu. Dumuzi alipoingia, vumbi lile la aina ya pirimifosi-methili halikumtosha. Permetrini ilimuua vizuri, lakini yenyewe ikawa dhaifu kwa fukusi. Ndiyo maana dawa iliyokuja kutumika sana ghalani ilichanganya zote mbili. Na wakulima walielekezwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa badala ya kuyaacha kwenye magunzi, maana dumuzi anastawi zaidi punje zikiwa bado zimeshikana na gunzi. Yote hayo yanatokana na mtu kukaa chini na kusema hawa ni wawili, si mmoja. Na kuwatofautisha hakuhitaji digrii. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi hana, kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma mwili wake umekatwa wima kama gogo lililopitishwa msumeno. Ukikuta unga mwingi kuliko mahindi, mtafute huyo.

Kwa kantangaze nitapita haraka. Anayemfanana kwa madhara ni nzi mdogo ambaye lava wake hupita ndani ya jani la nyanya. Njia ya nzi ni mstari mwembamba unaojipindapinda kama mwandiko wa daktari. Njia ya kantangaze ni bato pana, na ukiliinua kwenye mwanga unaona kinyesi ndani. Halafu kantangaze huingia kwenye tunda lenyewe na kuacha kitundu kidogo kama cha sindano. Basi.

Sasa upande wa pili wa somo, kuripoti, ambao kwa maoni yangu tunaufundisha vibaya zaidi kuliko wa kwanza.

Kuna mfano mzuri wa hapa hapa Morogoro ambao nashangaa hatuutaji vya kutosha darasani. Kwa miaka mingi ufuatiliaji wa viwavijeshi wa asili ulitegemea mitego yenye harufu ya nondo jike. Idadi ya nondo waliokamatwa ilipelekwa kituo cha taifa Tengeru, Arusha, ambako utabiri uliandaliwa, kisha taarifa ikateremka mkoani, wilayani, kwenye kata, mwishowe kijijini. Safari ndefu, na kiwavi hasubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, wakajaribu njia nyingine. Kijiji kilipewa mtego wake na kipima mvua chake, kikachagua wakulima wake wa kufundishwa, na hao wakafundishwa kuhesabu nondo, kusoma mvua, na kutoa utabiri wenyewe, pale pale. Aliyehesabu ndiye aliyetangaza, na aliyetangaza alikuwa jirani yako, unamfahamu, ukitaka kumbishia unakwenda kwake jioni.

Angalia kilichobadilika. Mtego uleule, nondo walewale. Kilichobadilika ni kwamba jibu lilikaa karibu na mtu aliyeleta habari.

Linganisha na nililolikuta mimi. Katika kijiji kingine tulichopita wakati wa field, tulimkuta mzee mmoja anayeheshimika kwa bustani yake ya nyanya na mapapai. Tukamwamkia, tukajieleza, tukamwambia akiona mdudu asiyemfahamu atoe taarifa. Akatusikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akasema, "Wajukuu zangu, mimi niliwahi kupeleka. Nilimtia kwenye chupa, nikaandika jina langu na namba ya simu, nikapanda gari kwa nauli yangu. Huu mwaka wa pili. Hata kuambiwa hapana, sijaambiwa." Ofisi aliyopeleka sitaitaja, na huenda mdudu wake alikuwa wa kawaida kabisa. Lakini yule mzee hatapeleka tena, na amewaambia majirani. Yaani eneo lile zima sasa halina macho. Mvamizi ajaye akitua pale atakula msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa raha zake, na sisi wasomi tutakuja kuandika kwamba wakulima hawana mwamko.

Mimi nasema mwamko wanao. Wanachokosa ni jibu. Na jibu ndilo mafunzo yanayodumu, kuliko semina. Mtu aliyetuma picha akajibiwa ndani ya siku mbili, "Asante baba, huyu siye, huyu ni bungua, angalia mkiani hana mraba," hatakosea tena juu ya bungua maisha yake yote. Na atatuma tena. Ripoti isiyo sahihi si usumbufu, ni mwanafunzi amenyoosha mkono.

Tena kuna ripoti moja yenye thamani kuliko zote, nayo ni "huyu simjui." Mwaka 2003 watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walikuwa na mitego yao ya nzi wa matunda huko pwani ya Kenya. Wakakuta nzi asiyelingana na yeyote waliyemzoea. Wangeweza kumweka kwenye hesabu ya wengine wakaendelea na kazi. Hawakufanya hivyo. Mwaka uleule akathibitishwa Tanzania pia. Mwaka 2005 alipewa jina Bactrocera invadens, na mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kwamba ni yuleyule nzi wa Asia, Bactrocera dorsalis. Leo ukikata embe ukakuta funza, uwezekano mkubwa ni wake. Hakuzuilika, ni kweli, lakini kwa kuwa aligunduliwa mapema, kazi ya kutafuta vivutio, mitego na maadui zake wa asili ilianza mapema.

Nzi huyu anatufundisha na jambo jingine, ambalo watu wa status na magrupu mlisikie vizuri. Kwa sababu yake Kenya ilifungiwa soko la parachichi la Afrika Kusini kwa miaka kadhaa. Taarifa ya mdudu mpya ni habari nzito, inagusa bandari na mikataba ya nchi. Kwa hiyo ukimwona unayemshuku, usikimbilie kuandika "MDUDU HATARI AINGIA" na emoji tatu za kulia. Mpe afisa ugani wa kijiji au kata. Yeye ana njia ya kufikisha halmashauri, na kutoka hapo kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na makao yake yako Arusha. Kuthibitisha ni kazi yao. Yako ni kuona na kuandika vizuri.

Kuandika vizuri ni hivi. Picha tatu: shamba au mmea mzima, sehemu iliyoliwa kwa karibu, na mdudu mwenyewe akiwa na sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Kiwavi mpige kichwani na mkiani, usimpige ubavuni tu. Kisha maneno machache. Mfano: "Mahindi, wiki ya tano tangu kupanda. Nimekagua mimea 50, iliyoliwa ni 12. Viwavi wapo ndani ya moyo, mmoja kila mmea. Nimemwona leo mara ya kwanza. Kitongoji, kijiji, kata, tarehe, namba yangu hii." Hiyo mimea 50 haikuokotwa ovyo. Unalipita shamba kwa mwendo wa herufi W, unasimama sehemu tano, kila sehemu unakagua mimea kumi, ile iliyopendeza na ile iliyonyong'onyea. Ndivyo hata programu ya simu ya FAO ya kufuatilia vamizi, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inavyomwongoza mkulima. Mtu wa takwimu atanielewa: "shamba lote limeisha" si namba, "12 kati ya 50" ni namba.

Ukiombwa sampuli, mdudu mgumu kama dumuzi mtie kwenye chupa yenye spiriti ya asilimia 70 hivi. Kiwavi mtumbukize kwanza kwenye maji ya moto sana kwa muda mfupi, ndipo umhamishie kwenye spiriti, la sivyo atageuka mweusi na alama zote tulizozungumza hapa zitapotea. Kuna mwenzetu aliuliza kama Konyagi inafaa. Konyagi ni asilimia 35, haifiki. Inywe mwenyewe au iache, mdudu anataka spiriti ya duka la dawa. Andika lebo kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na uitumbukize ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka. Na tafadhali sana, usimsafirishe akiwa hai. Mwanafunzi anayetoka Rukwa na kiwavi hai kwenye begi ili aje kumwonyesha mhadhiri, huyo ndiye njia ya uvamizi tunayoifundisha semista ya tatu.

Sasa kwa nini naandika haya kwenye jarida la umoja wa wanafunzi na si kwenye desa la kozi yangu? Kwa sababu tukifunga chuo tunatawanyika karibu kila wilaya ya nchi hii ndani ya siku tatu. Hakuna wizara wala mradi wenye watu wengi hivyo, wenye simu za kamera, wanaoongea lugha ya nyumbani na wanaoaminiwa na bibi mwenye shamba. Na wengi wetu hapa, tusidanganyane, bumu halijawahi kutosha. Kilichoziba pengo ni gunia lililouzwa kijijini.

Hoja niliyoipeleka kwa viongozi wetu ni ndogo. Wanafunzi wa afya ya mimea wa mwaka wa tatu, tulio tayari, tukae zamu likizo yote kujibu picha zitakazotumwa na wanachuo wenzetu kutoka makwao. Kila picha ijibiwe ndani ya siku mbili, iwe ndiye, siye, au hatujui. Zile za "ndiye" katika eneo jipya, na zile za "hatujui", tuzipeleke kwa afisa ugani wa kata husika pamoja na maelezo, na tumwambie aliyetuma kwamba zimepelekwa, kwa nani, lini. Watu wa kompyuta wamesema wanaweza kututengenezea daftari la pamoja ambalo kila ripoti ina namba yake na haiwezi kufungwa bila jibu. Hicho kipengele cha mwisho ndicho nilichokipigania.

Kiongozi mmoja aliniambia haya ni mambo ya kilimo, umoja wa wanafunzi una mambo ya vyumba, maji na mikopo. Ni kweli unayo. Lakini haombwi mtu bajeti. Gharama yake ni vocha ya wiki ya watu kumi na wawili, na tumeshakubaliana kuchangishana. Mwingine akauliza swali zuri zaidi: likizo ikiisha, nani atajibu? Hilo bado tunalijadili. Wazo lililopo ni kwamba kila kundi la mwaka wa tatu likabidhi daftari kwa mwaka wa pili kabla ya mitihani, na mhadhiri mmoja amekubali kuangalia majibu yetu kila wiki ili tusijibu uongo. Mimi naona ni afadhali tuanze na likizo moja tukajibu zote, kuliko kutangaza huduma ya mwaka mzima tukajibu nusu. Yule mzee wa nyanya hatasamehe mara ya pili.

Kabla hatujafunga, Jumamosi ya mwisho asubuhi, tutakuwa maabara ya wadudu kwa saa mbili. Hakutakuwa na slaidi. Kutakuwa na sahani nyeupe, dumuzi na fukusi wamechanganywa makusudi, majani ya nyanya ya aina zote mbili, na viwavi wa mashamba ya chuo tuliowakusanya asubuhi hiyo. Ukiweza kuwatenganisha mara tatu mfululizo bila kukosea utaandikwa kwenye daftari na wilaya yako. Njoo na chupa tupu yenye mfuniko unaobana, ya dawa ya kikohozi inatosha. Spiriti na lenzi vipo.